Mgombea akitoa salamu ya dini, semiotiki inasoma nini?

Swali: Asalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Tanga mjini. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anataka kuandika tasnifu kuhusu semiotiki, yaani elimu ya ishara, pamoja na dini na usemi wa kisiasa. Anasema atachambua salamu za wagombea, kofia zao, rangi za bendera na dua za kufungulia mikutano. Baba yake hajatulia tangu alisikie hilo. Anauliza mtu atachambuaje mambo ya dini bila kuyavunjia heshima. Swali langu mimi ni jingine: hiyo ni elimu yenye kanuni, au ni maoni ya mtu yaliyovalishwa istilahi nzito? Mama wa Ngamiani.

Jibu: Waaleykumu salaam, Mwalimu. Nianze na swali lako, kisha nimfikie mzee, maana jibu lake linategemea lako.

Ni elimu, na ina kanuni. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtafiti hapimi kama imani ya mtu ni ya kweli au ya uongo. Hana mizani ya hilo. Anashughulika na ishara, yaani kitu chochote ambacho watu wamezoea kukichukua kuwa kinasimamia kingine: neno, rangi, vazi, mlio, namna ya kuinamisha kichwa. Anauliza ishara hiyo ilipata wapi uzito wake. Anauliza nani anaitumia leo na mbele ya nani. Kisha anauliza yule anayeipokea anabakiwa na nafasi gani ya kujibu, na hili la mwisho ndilo ninalolipigania katika kazi yangu na ningependa binti yako alishike kuliko mengine yote. Watu wengi wanadhani ubaya unaanza dini inapotajwa jukwaani. Mimi naona unaanza pale kutajwa kwake kunapomfunga mdomo msikilizaji.

Tuchukue salamu, maana ndiko anakotaka kuanzia. Mgombea anapanda jukwaani kwenye uwanja wa Tangamano hapa Tanga, anashika kipaza sauti, na kabla hajataja hata jina lake anasema "Asalaam aleykum". Uwanja unaitika. Anasema "Bwana Yesu asifiwe", sehemu ya uwanja inajibu "Amina". Akiwa mwangalifu ataongeza "Tumsifu Yesu Kristo", na Wakatoliki watamjibu "Milele na milele, amina". Hapo hajatoa ahadi wala hajataja sera, lakini ameshafanya mengi. Amewagawa watu mafungu kwa sauti zao wenyewe na papo hapo akawakusanya mbele ya jukwaa moja. Ameonyesha kuwa anaijua adabu ya kila nyumba. Na amewazoesha kumjibu. Mtu aliyekwisha kuitika kwa jambo asiloweza kulikataa yuko karibu zaidi kuitika tena chama kitakapotajwa. Mwislamu akisalimiwa ana wajibu wa kurudisha salamu. Wajibu huo ulikuwapo karne nyingi kabla ya chama chochote, na mgombea anaupata bila kuulipia.

Hapo ndipo mtafiti anapotoa daftari lake. Salamu ipi imetangulia? Mpangilio unabaki uleule mgombea huyo akiwa Tanga na akiwa Moshi? Sauti inapanda kwenye ipi? Ile isiyo ya dini yake anaitamka kwa wepesi au inamkwama? Nani hakuitika, na alikuwa amesimama upande gani wa uwanja? Haya yanarekodiwa na kuhesabiwa, na mtu mwingine akisikiliza rekodi ileile anaweza kumsahihisha mtafiti. Maoni matupu hayasahihishiki hivyo.

Kipo pia kipimo cha zamani, jaribio la ubadilishaji, ambacho wanaisimu walikitumia kwenye sauti za lugha kabla hakijahamia kwenye ishara nyingine. Unaondoa kipande kimoja, unaweka kingine mahali pake, unaangalia kama maana imetikisika. Ondoa "Bwana Yesu asifiwe" kwenye hotuba ile: kuna atakayegundua? Weka "Habari za jioni" peke yake: mgombea ataonekana mtu wa serikali, au ataonekana ana kiburi? Ikiwa hakuna kinachobadilika, basi salamu hiyo imekwisha makali, imebaki desturi ya jukwaa tu, na binti yako asiijengee hoja kubwa. Wanafunzi wengi wanaanguka hapa. Wanaona alama ya dini wanafurahi, wanaiandikia kurasa nyingi, bila kuuliza kama bado inamwambia mtu jambo lolote.

Msingi wa hayo ni mafundisho ya Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva aliyefariki 1913, ambayo wenzake waliyachapisha 1916. Alifundisha kwamba ishara ina pande mbili, kiashiria (umbo tunalolisikia au kuliona) na kiashiriwa (dhana inayobebwa na umbo hilo), na kwamba thamani yake inatokana na tofauti yake na ishara za jirani. Kwa mtu wa Tanga sioni mfano mzuri kuliko rangi ya kijani. Kuna kijani cha bendera za Maulidi, kijani cha kuba la msikiti, kijani cha bendera ya CCM yenye jembe na nyundo, na kijani cha bendera ya taifa ambacho wewe mwenyewe unawafundisha watoto kuwa ni uoto wa nchi yetu. Dukani kitambaa ni kilekile. Mtu wa Ngamiani hachanganyi, kwa sababu kijani cha Maulidi kimezungukwa na dufu, ubani na maandishi ya Kiarabu, na kijani cha chama kimezungukwa na njano na gari la matangazo. Majirani ndio wanaoisoma rangi kwa niaba yake. Sasa kata picha ya bendera zilizotundikwa karibu na lango la msikiti, ondoa dufu na maandishi, itume kwenye makundi ya WhatsApp siku chache kabla ya kura, uone msikiti ule utakavyodaiwa kuwa umechukua upande.

Hili si la kufikirika tu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, haikuchukua muda CUF ikabandikwa kuwa chama cha Waislamu, na baadaye Chadema ikabandikwa kuwa cha Wakristo, na vyote vikakana. Muktadha wake ni wa kisheria, na binti yako asiuruke. Katiba yetu, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 20 inazuia kusajiliwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya imani au kundi la dini. Kwa hiyo hakuna chama kinachoweza kusema waziwazi kuwa ni cha dini fulani. Kinachobaki ni kuashiria, au kudai kuwa mwenzako ndiye anayeashiria. Kauli ikifungwa, mzigo wake unahamia kwenye ishara, na ndiyo maana nchi kama yetu ni shamba zuri kwa utafiti wa namna hii kuliko nchi ambako vyama vya dini vinaruhusiwa na kila mtu anajitaja kwa jina.

Kuhusu kofia na kanzu atamhitaji Charles Sanders Peirce, Mmarekani aliyefariki 1914. Yeye aligawa ishara kwa namna zinavyoungana na kitu chake. Ikoni inafanana nacho, kama picha. Indeksi imegusana nacho, kama unyayo na mguu ulioukanyaga. Simboli inashikiliwa na makubaliano ya watu tu. Barakashia ya mgombea ni simboli. Inaweza kununuliwa asubuhi na kuvaliwa mkutanoni jioni. Alama ya sijda kwenye paji la uso ni indeksi, imeletwa na miaka ya kuweka paji chini. Wapiga kura wa pwani wanaijua tofauti hiyo hata kama hawajamsikia Peirce. Mtu anayeonekana na kanzu kwa mara ya kwanza msimu wa kampeni anatiliwa shaka, na mwenye tasbihi iliyochakaa vidoleni hatiliwi, kwa sababu watu wanatafuta indeksi nyuma ya simboli. Wanasiasa nao wanalijua hilo, ndiyo sababu ya picha za kiongozi akiwa safu ya mbele Ijumaa au akipiga magoti kanisani Jumapili. Picha inaaminika kwa kuwa kamera ilikuwapo. Mtafiti anaendelea mbele kidogo: nani aliiita kamera, na ibada ile ingekuwaje bila yake?

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni pale umbo la dini linapobaki na Mungu akaondolewa. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan ashike madaraka mwaka 2021 tumezoea salamu hii: "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania." Na jibu: "Kazi iendelee." Hakuna dini iliyotajwa, hakuna iliyoachwa. Lakini umbo lake ni la ibada: kusalimu kwa jina fulani, na kusanyiko kuitika pamoja maneno yaliyokwisha pangwa. Wakristo wanasalimiana katika jina la Bwana, Waislamu wanaanza jambo kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mahali pale pa jina tukufu pamekaliwa na jina la nchi.

Sisemi hivyo kwa kulaumu. Naona ni jibu la busara kwa tatizo la kweli, maana ukitaja salamu za dini tatu unamwacha wa nne, na ukitaja Jamhuri humwachi raia yeyote. Ninachotaka binti yako akitazame ni nusu ya pili. Mtu anasalimiwa kama raia, jambo ambalo ni la kila mmoja. Anaitika "Kazi iendelee", na kazi hiyo ni ya serikali iliyopo madarakani. Mpinzani aliyeketi kwenye kiti cha mbele afanye nini? Akiitika, ameunga mkono programu ya mwenzake. Akinyamaza, anaonekana ameikataa salamu ya Jamhuri. Nafasi yake ya kujibu imekuwa finyu ndani ya sentensi mbili, bila mtu yeyote kukusudia kumwonea. Tasnifu nzima inaweza kusimama hapo.

Kwa hilo atapata msaada kwa Robert Bellah, mwanasosholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1967 aliandika makala iliyosomwa sana kuhusu dini ya kiraia. Aliisoma hotuba ya John F. Kennedy ya kuapishwa, ya 1961, akaona Mungu ametajwa lakini hakutajwa Yesu wala kanisa lolote. Hoja yake ilikuwa kwamba hata taifa linalotenganisha dini na dola linajijengea siku zake tukufu, mashahidi wake na maneno yake ya ibada. Sisi hatuhitaji kwenda mbali. Nchi isiyokuwa na dini inaimba "Mungu ibariki Afrika" mstarini, na wimbo huo una asili ya wimbo wa dini uliotungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti kule Johannesburg. Watoto wa madrasa na wa katekisimu wanaimba dua moja, na haimfungi mtu, kwa sababu inaomba hekima, umoja na amani bila kusema ni chama au mgombea gani anayevileta.

Roland Barthes, Mfaransa, atamfaa kwa mabango. Katika kitabu chake cha 1957 alieleza jalada la gazeti la Paris Match lenye kijana mweusi aliyevaa sare za jeshi la Ufaransa, macho juu, anapiga saluti. Maana ya kwanza ni hiyo tu, askari anatoa heshima. Juu yake imepandishwa ya pili: Ufaransa ni dola kubwa na wana wake wa kila rangi wanaitumikia kwa moyo. Vita vya Algeria vilikuwa vinaendelea wakati ule. Barthes alikereka kwa sababu maana ya pili haikusemwa na mtu, ilionekana kama imeota yenyewe, na huwezi kubishana na jambo ambalo hakuna aliyelisema. Bango la mgombea mwenye mikono iliyofunuliwa kwa dua lisomwe kwa jicho hilohilo.

Anayedhani haya ni mchezo wa wasomi aende Pangani. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alikodisha utawala wa pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mkataba ukaanza kazi katikati ya Agosti. Wakala wa kampuni pale Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani, akakataa. Siku hizo zilikuwa za Idd ya kuchinja. Wanamaji wa Kijerumani wakaingia mjini kumtafuta liwali, na habari iliyoenea pwani ilikuwa ya viatu na mbwa ndani ya msikiti. Chini ya ugomvi ule kulikuwa na forodha, kodi, ardhi na biashara ya misafara, mambo yaliyokwisha kuwaudhi watu wa matabaka mbalimbali. Lakini bendera na msikiti ndivyo vilivyowapa watu waliokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe jambo moja la kusimamia. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita hadi alipokamatwa na kunyongwa palepale Pangani Desemba 1889, na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni na mshairi wa upande wetu huu wa Tanga, akaitungia vita hiyo utenzi.

Jonathon Glassman, mwanahistoria wa Marekani, alichapisha mwaka 1995 utafiti mkubwa kuhusu miji hii ya pwani. Anaonyesha kwamba karamu, mavazi, ngoma na sherehe za dini zilikuwa uwanja wa kugombea hadhi Pangani na Bagamoyo muda mrefu kabla ya Mjerumani kushuka. Mtumwa aliyevaa kanzu na kuingia msikitini alikuwa anadai jambo, na bwana aliyemzuia alikuwa anajibu. Zelewski aliona bendera kama karatasi ya mkataba na msikiti kama jengo ambalo huenda mtu amejificha ndani. Alikosea kusoma, na gharama yake ilikuwa damu nyingi.

Miaka 20 baadaye Wajerumani walikosea tena, kwa upande wa pili. Mwaka 1908 ulipita miji ya pwani, hasa Lindi, waraka uliosemekana kutoka Arabuni, wenye ndoto ya mlinzi wa kaburi la Mtume, ukiwaonya waumini watubu kwa kuwa Kiyama kimekaribia. Serikali ilikuwa bado na hofu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ikausoma kama wito wa kuasi na kuanza kuwashuku viongozi wa Qadiriyya, mojawapo ya tarika, yaani njia za kisufi. Waumini wengi waliusoma kama ulivyoandikwa: waswali, wafunge, watubu. Uasi haukutokea. Waraka mmoja ulikuwa na jamii mbili za wasomaji, na kila moja iliona kile ilichokwisha kukihofia. Wewe na mimi tunapokea nyaraka za aina hiyo kila wiki kwenye simu, zikituagiza tuzisambaze kwa watu kadhaa kabla ya usiku, na nyakati za uchaguzi zinabadilika sura kidogo tu.

Qadiriyya hiyohiyo inanipeleka Bagamoyo, na hapa namwonya binti yako asilewe ishara. August Nimtz, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, alichapisha mwaka 1980 utafiti wake kuhusu tarika na siasa Tanzania, na Bagamoyo ndiyo kiini chake. Pale alikuwapo Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyezaliwa Manyema, mashariki mwa Kongo, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Alisoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, na alipofariki 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wenye wafuasi wengi katika nchi hii. Unaweza kuandika mengi kuhusu maana ya mtu aliyekuwa mtumwa kuongoza zikri mbele ya watoto wa waungwana, na ni kweli hiyo ilikuwa kauli ya kisiasa bila jukwaa. Lakini Nimtz anatukumbusha kwamba tarika ilikuwa pia mtandao: nani ni murid (mwanafunzi) wa nani, ziara ya mwaka inawaleta watu kutoka wapi, ujumbe unafikaje bara. TANU ilipoanza 1954, mtandao kama huo ulikuwa tayari umewazoesha watu wa makabila na hadhi mbalimbali kukaa mkeka mmoja. Kwa hiyo kila anapoandika kuhusu ishara, aulize pia nani aliibeba, kwa miguu au kwa lori, na nani alimlipia nauli.

Sasa baba yake. Mwambie hofu yake ina msingi, na wapo watafiti waliolifanyia kazi jambo hilohilo. Webb Keane, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti kisiwani Sumba, Indonesia, anazungumzia itikadi ya ishara: kila jamii ina dhana yake kuhusu ishara ni kitu gani na inaweza kufanya nini. Wamisionari wa Kiholanzi waliofika Sumba walitaka sala itoke moyoni mwa mtu; kwa Wasumba maneno ya ibada yalikuwa ya mababu, na uzito wake ulitoka huko. Ugomvi wao haukuwa juu ya maneno gani yasemwe. Ulikuwa juu ya maneno yenyewe ni nini.

Tazama Mwenge wa Uhuru kwa jicho hilo. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alilieleza Baraza la Kutunga Sheria kwamba tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, ulete matumaini pasipo na matumaini na upendo penye chuki. Mpangilio wa maneno yale unafanana sana na sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko, na Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa za kila siku. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda akaupandisha mlimani. Leo unapopita wilayani, wengi wanaupokea kama kumbukumbu na ukumbusho wa wajibu. Wapo waumini ambao kwao moto unaokimbizwa, kulindwa na kupewa heshima unafanana mno na ibada, nao wanasita. Serikali inasema ni alama tu. Wao ndipo wanapobishana, kwenye hilo neno "tu". Ni ubishi uleule wa kusimama kwenye Maulidi, ambao mzee ameusikia tangu utotoni hapa Tanga: kwa mmoja ni mapenzi kwa Mtume, kwa mwingine ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Mtafiti anaandika zote mbili kwa maneno ya wenyewe, kwa ukamilifu ambao kila upande ukisoma utasema ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini. Akimaliza sura na upande mmoja ukajiona umedhihakiwa, sura hiyo imeharibika kielimu, achilia mbali adabu.

Na kuna jambo ambalo nadhani mzee atalipenda. Uchambuzi huu mara nyingi unailinda dini. Fikiria dua mbili za kufungulia mkutano. Ya kwanza inasema: Mwenyezi Mungu awajalie viongozi wetu hekima. Mpinzani anaweza kuitika amina kwa moyo mmoja, na kesho akapiga kura anavyotaka. Ya pili inasema mgombea huyu ni chaguo la Mungu. Tumeisikia kauli hiyo zaidi ya mara moja katika nchi hii, tena vinywani mwa watu wa dini. Anayeitika amina hapo amekwisha kupiga kura mbele ya hadhara, na asiyeitika anabishana na Mungu. Karatasi ya kura imempa mtu nafasi ya kusema hapana, dua imemnyang'anya. Upande wa upinzani nao wana lao, pale mtawala anapoitwa Farao. Kisa cha Musa kiko kwenye Qurani na kwenye Biblia, kila mtu uwanjani anakijua mwisho wake, na Farao hatafutiwi maridhiano, anasubiriwa azame. Mimi kauli hizi mbili naziona ni ndugu. Zinachukua uzito ambao vizazi vya waumini wameuweka kwenye maneno kwa kufunga, kuswali na kulia, zinautumia siku moja kwa haja ya siku moja, na kumwachia muumini maneno yaliyopungua nguvu. Nikisikia mtu akisema anayechambua ndiye anayevunja heshima, nashindwa kukubaliana naye.

Machache ya kazi yenyewe. Asikusanye nchi nzima. Jimbo moja, kampeni moja na rekodi kamili zinatosha kuliko vipande vya mtandaoni vilivyokatwa na wasiojulikana. Asiishie jukwaani. Mkutano ukiisha azungumze na wasikilizaji, hasa wale ambao hawakuitika, maana hao ndio watakaomwonyesha mpaka wa ishara ulipo. Barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala mapema, na aende kwa imamu na mchungaji kabla ya kurekodi dua yoyote. Picha za waumini wa kawaida asizitie kwenye tasnifu, na ujumbe wa makundi ya WhatsApp aondoe majina na namba. Sura ya nadharia isizidi kurasa chache. Wahakiki wanataka kuona Tangamano, hawataki kusomewa Saussure upya. Na aiandike kwa Kiswahili kama idara yake inaruhusu. Istilahi zipo, na waliomsaidia wataweza kuisoma.

Rekodi za kwanza akizipata, amsikilizishe baba yake kabla ya kuzichambua. Kama mzee ni mtu wa Barzanji, kile kisomo cha Maulidi, na zikri, atasikia ni dua ipi imefupishwa, ipi imehamishwa mahali pake na nani aliyeitika nje ya wakati, mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hawezi kuyasikia peke yake. Aandike alichosema mzee, na kwa idhini yake amtaje kwenye shukurani.